Kutoka Msako hadi Makao: Wajibu wa Kaunti ya Nairobi kwa Familia za Mitaani



Utangulizi

Nimeombwa nizungumzie namna serikali ya jiji inavyopaswa kulikabili ongezeko la watu wasio na makao. Mada hii ni pana, kwa hiyo nimeileta hapa nyumbani, Nairobi. Hoja yangu ni moja. Kwa miaka mingi jiji limewashughulikia watu wa mitaani kama uchafu wa kuondolewa machoni, na kila walipoondolewa, walirudi. Mtu asiye na makao hupungukiwa kwanza na makao. Mengine yote, yaani shule, kazi, matibabu na kuacha kunusa gundi, hufuata akishapata mahali pa kulala pasipo na wa kumfukuza.

1. Hali ilivyo

Mwaka 2018 Mfuko wa Kurekebisha Familia za Mitaani uliendesha sensa ya kitaifa ya watu hawa. Walihesabiwa 46,639 nchini kote. Nairobi peke yake ilikuwa na 15,337, karibu thuluthi moja ya wote, ikifuatwa na Mombasa iliyokuwa na 7,529. Zaidi ya asilimia 70 walikuwa wanaume na wavulana.

Tangu sensa hiyo, mambo mengi yamewasukuma watu nje. Mwezi Mei 2020, katikati ya kafyu ya korona na mvua, maelfu ya wakazi wa Kariobangi walibomolewa nyumba zao. Mwaka 2024 mafuriko yaliwakumba watu wa Mathare na Mukuru, kisha tingatinga likapita kwenye kingo za mito. Serikali iliahidi kila familia iliyohamishwa shilingi 10,000. Katika jiji hili, fedha hizo zinamtosha mtu kulipa amana, kodi ya mwezi mmoja na nauli ya mkokoteni. Mwezi wa pili hazipo tena.

Tukitaka kujua maisha haya yalivyo, tupite Kirinyaga Road au karibu na mzunguko wa Globe maduka yakishafungwa. Mama hutandika katoni kwenye baraza ya duka la vipuri na kumlaza mtoto upande wa ukuta, naye hulala upande wa barabara. Kabla hajalala lazima aelewane na soja anayelinda duka, na maelewano hayo yana bei yake. Alfajiri, kabla mwenye duka hajafika, katoni imekunjwa na kufichwa. Gunia linabebwa mgongoni, na safari ya kuokota chupa za plastiki inaanza. Chupa zinauzwa kwa kilo, na kilo moja ni chupa nyingi mno. Mama huyu anafanya kazi kuwashinda wengi wetu, ila kazi yake haimpatii chumba.

2. Njia ya lori

Dola ya kikoloni iliutazama mji kama mahali pa Mzungu, na Mwafrika aliruhusiwa kuingia kwa shughuli maalumu tu. Kipande cha utambulisho kilikuwa shingoni mwake, na sheria ya uzururaji ilimngoja barabarani. Kenya iliifuta sheria hiyo mwaka 1997. Hata hivyo, makosa ya aina ile ile yalibaki katika kifungu cha 182 cha Kanuni ya Adhabu, na mazoea yalibaki kwa askari wa jiji, ambao watu wa mitaani wanawaita kanjo. Mgeni mkubwa akitarajiwa au mkutano wa kimataifa ukikaribia, msako hufanywa usiku. Watu hupakiwa kwenye lori, na blanketi na magunia yao huchomwa au kutupwa.

Mwaka 2003 serikali mpya ya NARC ilijaribu jambo kubwa zaidi. Waziri wa Serikali za Mitaa wakati huo, Karisa Maitha, aliongoza zoezi la kuwaondoa watoto mitaani. Baadhi waliingizwa shule, vijana wengine wakapelekwa Huduma ya Vijana kwa Taifa wakafunzwa ufundi, na Mfuko niliotaja ukaanzishwa mwaka huo huo. Nia ilikuwa njema, na wapo waliookoka. Lakini kijana aliyehitimu useremala alirudi mjini akiwa na cheti mkononi, hana pa kulala. Usiku wa kwanza angeupitisha wapi kama si kwenye bezi aliyotoka, yaani kijiwe cha wenzake wa mitaani?

Aibu kubwa zaidi haikutokea Nairobi. Februari 2019 watoto na vijana wa mitaani wa Nakuru walipakiwa kwenye lori usiku na kutelekezwa karibu na msitu wa Chemususu, kaunti ya Baringo, penye baridi kali. Nchi nzima ilighadhibika. Naomba tulikumbuke tukio hilo bila kuwaelekezea wengine kidole, kwa sababu fikra iliyolizaa inapatikana katika kaunti zote: kwamba tatizo likishavushwa mpaka, limetatuliwa.

Sheria nayo imebadilika. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kufuatia ombi la Chama cha Mawakili wa Afrika. Ilieleza kuwa sheria za uzururaji zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, Mkataba wa Afrika wa haki za mtoto na Itifaki ya Maputo kuhusu haki za wanawake. Hapa kwetu, Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya makao ya kutosha, na Ibara ya 53 inampa kila mtoto haki ya malazi. Jedwali la Nne linaikabidhi kaunti mipango ya makazi. Kaunti haiwezi kusema hili ni jukumu la Serikali Kuu pekee.

3. Kwa nini wanarudi

Tunasikia mara kwa mara kwamba watu hawa wamezoea mitaa, hata wakisaidiwa watarudi. Ni kweli wengi hurudi, lakini sababu zao zinaeleweka.

Kwanza, riziki yao iko mjini. Chupa, chuma chakavu na kubeba mizigo Gikomba na Muthurwa ndivyo vinavyowalisha. Ukimpeleka mtu kituo cha mbali, umemkata mkono unaomlisha.

Pili, bezi ni jamaa yake. Ndiko anakolindwa akiugua, na ndiko wenzake wanakochanga akifiwa. Mipango inayomchukua mtoto mmoja na kumwacha mama na nduguze barabarani inamlazimisha kuchagua kati ya chakula na mama yake.

Tatu, hana karatasi. Kijana aliyezaliwa mtaani, mama yake hana kitambulisho, hataweza kuonyesha nakala ya kitambulisho cha mzazi wala barua ya chifu anayemjua. Bila kitambulisho hasajili laini ya simu, hapati M-Pesa kwa jina lake, hajiandikishi kwenye Mamlaka ya Afya ya Jamii, wala haajiriwi. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa huandikishwa shuleni kwa shida. Hata mpango wa serikali wa Inua Jamii, unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee, mayatima na wenye ulemavu mkubwa, hauwezi kumfikia mtu asiyekuwemo katika daftari lolote.

4. Funzo la Helsinki

Mwaka 1987 Ufini ilikuwa na watu wasio na makao wapatao 18,000. Mwaka 2022 walikuwa wamebaki 3,686. Kuanzia mwaka 2008 Serikali Kuu, manispaa kama Helsinki na mashirika walikubaliana kugeuza mpangilio wa kazi. Zamani mtu alitakiwa aache pombe kwanza, atafute kazi kwanza, akae bwenini kwa adabu, ndipo astahili nyumba. Sasa anapewa nyumba kwanza, akiwa na mkataba wa upangaji kwa jina lake na kodi inayolipwa kwa msaada wa ruzuku. Mhudumu wa jamii humtembelea hapo hapo. Mabweni ya dharura yaligeuzwa kuwa nyumba: bweni la Jeshi la Wokovu katika mtaa wa Alppikatu, Helsinki, lilifanywa vyumba 81 vya kupangisha.

Najua mtasema kwamba Ufini ni nchi tajiri. Ni kweli, na sipendekezi tuige bajeti yao. Tunachoweza kuiga bila gharama ni mfuatano wa hatua: mlango na ufunguo kwanza, marekebisho baadaye. Tuchukue pia onyo lao. Mwaka 2024, baada ya kushuka kwa miaka mingi, idadi yao ilipanda hadi 3,806, wakati ruzuku za kodi zilikuwa zimekatwa. Hata mafanikio ya miaka mingi hubomoka serikali ikilegeza mkono.

5. Kuziba ufa

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wazima wengi wanaolala barazani waliwahi kupanga chumba. Katika Mathare au Mukuru, chumba kimoja cha mabati hukodishwa kwa shilingi 2,000 hadi 4,000 kwa mwezi. Anayeishi kwa vibarua akiugua wiki mbili tu, kodi inachelewa. Kuna wenye nyumba wasiokwenda mahakamani: wanang'oa mlango, au wanaezua bati moja la paa juu ya kitanda, na mpangaji anaondoka mwenyewe. Familia hiyo ilihitaji shilingi 3,000 ili isifike mtaani. Ikishafika, kuirudisha hugharimu mara nyingi zaidi, na watoto tayari wamekosa shule.

Ufa wa pili ni bomoabomoa. Januari 2021 Mahakama ya Juu, katika kesi ya wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, ilitambua kwamba watu wasio na ardhi waliojenga makazi kwenye ardhi ya umma hawapati hatimiliki, lakini wanayo haki ya makao inayopaswa kulindwa. Kila notisi ya kubomoa inayotoka bila mpango wa kuwahamisha watu inaongeza idadi ya wanaolala nje.

6. Mapendekezo

Kwanza, kaunti isimamishe misako na uchomaji wa mali za watu wa mitaani. Kanjo wafunzwe kushirikiana na maafisa wa ustawi wa jamii. Anayemfikia mtu usiku awe afisa anayemjua kwa jina, na arudi tena wiki ijayo.

Pili, kaunti iombe Serikali Kuu ilete dawati la usajili kwenye bezi zenyewe, Ngara, Mlango Kubwa na Muthurwa, litoe vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho. Afisa wa ustawi aruhusiwe kuthibitisha ukaaji wa mtu pale ambapo chifu hamjui.

Tatu, kaunti ikodishe vyumba mitaani na kuziweka familia humo, mama na watoto wake pamoja, karibu na riziki yao. Tupige hesabu. Chumba cha shilingi 3,000 kwa mwezi ni shilingi 36,000 kwa mwaka. Familia 1,000 ni shilingi milioni 36. Bajeti ya Kaunti ya Nairobi inazidi shilingi bilioni 40 kwa mwaka, kwa hiyo kodi hiyo haifiki asilimia 0.1 yake. Hata tukiiongeza mara tatu ili kuwalipa wahudumu na kununua vitanda, jiji halitafilisika.

Nne, kuwe na mfuko mdogo wa dharura katika kila wadi wa kulipia kodi ya mwezi mmoja au miwili kwa familia iliyo hatarini kufungiwa mlango. Fedha zilipwe kwa mwenye nyumba moja kwa moja, na orodha ibandikwe hadharani ili upendeleo usipate pa kujificha.

Tano, nyumba za kaunti zinapokarabatiwa au kujengwa upya katika mitaa ya zamani ya Eastlands kama Kaloleni, Ziwani na Bahati, wapangaji waliopo wasiondolewe, na sehemu ya vyumba vipya itengwe kwa ajili ya kupangishwa kwa familia hizi. Wafanyakazi wanakatwa asilimia 1.5 ya mishahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Ni haki kuuliza kama nafuu hiyo itamfikia asiye na akaunti, asiye na namba ya KRA, na asiye na akiba ya kuanzia.

Sita, tuhesabu kila mwaka na kuchapisha matokeo. Kipimo cha mafanikio kiwe idadi ya familia zilizo bado ndani ya chumba baada ya mwaka mmoja. Idadi ya waliokamatwa isiingie kabisa katika ripoti.

Hitimisho

Bwana Mwenyekiti, mwaka 1973 Padri Arnold Grol alianzisha shirika la Undugu hapa Nairobi kwa ajili ya vijana waliokuwa wakiitwa parking boys. Zaidi ya nusu karne imepita, na wajukuu wa kizazi kile wangali wanalala kwenye barabara zile zile. Mashirika na makanisa yamebeba mzigo huu kwa muda mrefu, lakini hayana mamlaka ya kupanga makazi, hayaandai bajeti ya umma, wala hayatawali kanjo. Kaunti inayo mamlaka hayo yote.

Nawaomba waheshimiwa wawakilishi wadi, makadirio ya fedha yatakapoletwa mbele yenu, mtafute mstari wa makao ya familia za mitaani. Msipouona, msipitishe mpaka uwemo.