Wimbo ni wa Anayeucheza



Kuna hoja inayorudiwa vikaoni mwetu wanataaluma nami siwezi kuinyamazia tena. Husemwa kwamba wimbo wa kuchezeka wa wasichana wa Korea, ule unaomhimiza msichana asimame asiogope, hauna nguvu yoyote kwa sababu umetengenezwa na kampuni: ndiyo iliyowachagua waimbaji, ikawafundisha kucheza, ikawapa na maneno. Basi binti wa Temeke anayeufanyia mazoezi uani kwao amelaghaiwa.

Hoja hiyo ikisimama, taarabu yote inaanguka, kwani nayo huimbwa na makundi kwa tungo za wengine. Miaka ya 1990 mashabiki wa Dar es Salaam waligawanyika kati ya Khadija Kopa wa TOT na Nasma Khamis wa kundi la Muungano, na TOT ilikuwa kundi la chama tawala. Baadaye kundi la Jahazi likaja na wanawake walioimba tungo za kiongozi wao, Mzee Yussuf. Mnayajua hayo. Ninachotaka mkitazame ni kutunza. Mwanamke huinuka na noti mkononi, akaenda mbele akicheza taratibu, na ubeti uliotungwa na mtu asiyemjua akaugeuza wake kwa kumtazama tu aliyemkusudia. Nilimwona mama yangu mdogo akifanya hivyo arusini, Mtoni kwa Aziz Ali. Jirani aliyekuwa akimsengenya hakuhitaji kufafanuliwa. Mama hakutunga hata neno moja, na usiku ule wimbo ulikuwa wake.

Mrudieni Shaaban Robert. Katika *Wasifu wa Siti binti Saad*, mshairi aliyekwisha kusifika anakaa chini na kuandika, kwa heshima isiyopungua ukurasa hata mmoja, maisha ya binti wa Fumba, Unguja, aliyeuza vyungu. Sijasoma wasifu wa Kiswahili unaoushinda huo. Siti, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, naye aliimba pia tungo za wanaume wa kundi lake. Je, wanawake wa Ng'ambo, mjini Unguja, waliojiona ndani ya nyimbo zake walilaghaiwa?

Iko hoja nyingine, ya mikataba inayowafunga waimbaji wa Korea, nayo nakubali ina uzito. Mwaka 2009 serikali ya Korea Kusini ililazimika kutoa mkataba wa mfano usiozidi miaka 7. Lakini hiyo ni haki ya mwimbaji kazini, haitwambii anayecheza anapata nini.

Korea yenyewe imekwisha kujibu. Julai 2016, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wanawake cha Ewha, Seoul, waliupinga mpango wa uongozi wa chuo chao. Polisi walipoingia, wakashikana mikono wakaimba *Into the New World*, wimbo wa Girls' Generation wa mwaka 2007. Kampuni iliutoa uuzwe. Siku ile ulikuwa wa wanafunzi, na Agosti mpango ukafutwa.

Kwa hiyo nawaomba watafiti vijana: msiishie kuuliza nani katunga. Nendeni Tandika, mkawaulize mabinti wanamchezea nani.