Usingizi wa Dereva Huanzia Nyumbani

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa wakazi katika mkutano wa hadhara wa kata)



Katika vijiji vilivyo kandokando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma, ukoo usio na dereva wa lori, dereva wa basi, utingo au kijana wa bodaboda ni wa kutafuta. Dereva akisinzia kwenye usukani na watu wakafa, hulaumiwa yeye peke yake. Lawama hiyo ina haki yake, ila haitoshi. Usingizi unaomkamata saa 8 mchana akiwa Mikumi ni deni la tangu jana yake, na mara nyingi deni hilo lilianzia nyumbani.

Mwili wa binadamu una saa yake usiyoipangia ratiba. Mara mbili kila siku mwili huo hudai kulala: kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri, na tena mchana kati ya saa 7 na saa 10. Aliyelala vya kutosha huhisi uzito kidogo, kisha ukapita. Aliyelala saa tatu au nne tu, ilhali mtu mzima huhitaji saa 7 au zaidi, hushindwa kuuzuia. Macho hujifumba kwa sekunde chache bila mwenyewe kujua, na pengine yakabaki wazi huku akili imekwisha kulala.

Sekunde hizo si chache barabarani. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa kila sekunde moja. Dereva akisinzia kwa sekunde tano, lori lake litakuwa limekwenda mita 110 bila mwendeshaji, umbali unaozidi urefu wa uwanja wa mpira. Ndiyo maana ajali nyingi za namna hii hazina alama za breki: aliyepaswa kukanyaga breki hakuwapo. Wazee husema usingizi ni nusu ya kifo. Kwa aliye kwenye usukani, nusu ile nyingine haiko mbali.

Watafiti wa Australia walipima jambo hili katika miaka ya 1990. Waligundua kwamba mtu aliyekaa macho kwa muda wa saa 17 mfululizo hufanya makosa sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Akifikisha saa 24, makosa yake hulingana na ya mwenye asilimia 0.10, kiwango ambacho katika nchi nyingi humfikisha dereva mahakamani. Tofauti ni kwamba mlevi hunuka pombe, na trafiki akamkamata. Asiyelala hana harufu.

Madereva wana mbinu zao: kufungua dirisha, kuongeza sauti ya muziki, kunawa uso. Hizo humchangamsha mtu kwa dakika chache tu, na usingizi hurudi. Mirungi, mbali na kukatazwa na sheria za Tanzania, hulificha deni bila kulilipa. Nguvu yake ikiisha, deni lote huja kwa pamoja. Kahawa husaidia kwa muda, lakini huhitaji kama nusu saa kabla ya kufanya kazi. Zipo pia dawa za mafua na mzio, piritoni ikiwa mojawapo, ambazo huleta usingizi. Dereva anayenunua dawa dukani aulize kwanza. Tiba ya usingizi ni kulala. Anayezidiwa akiwa safarini aegeshe gari mahali salama, alale dakika 15 hadi 20, kisha asubiri akili itulie ndipo aondoke.

Wapo pia wanaolala usiku kucha na bado wakasinzia mchana. Hao si wavivu. Huenda ni wagonjwa. Kuna maradhi ambayo koo hujiziba usingizini, pumzi ikakatika kwa sekunde kadhaa, mtu akashtuka na kupumua, tena na tena hadi asubuhi, naye asikumbuke lolote. Huwapata zaidi watu wanene na wenye shingo nene, na madereva, kwa kukaa muda mrefu, wengi wao hunenepa. Shahidi wa kwanza wa maradhi haya ni mke wa dereva, anayesikia mkoromo ukikatika ghafla. Ushahidi huo usifanywe utani. Upelekwe zahanati au kituo cha afya, ili mgonjwa aelekezwe hospitali yenye wataalamu, kwa maana maradhi haya yana tiba.

Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, jambo hili limekuwa zito zaidi. Utaratibu unataka basi la safari inayozidi saa 8 liwe na madereva wawili. Abiria ana haki ya kuuliza yuko wapi dereva wa pili, na akiona gari linayumba apaze sauti, awaarifu pia askari wa usalama barabarani. Kunyamaza kwa adabu hakujamwokoa abiria yeyote.

Lakini sehemu kubwa ya kazi iko kijijini. Dereva wa lori hufika nyumbani alfajiri, akitoka katika foleni ya mpakani ambako hakulala bali alikuwa akisogeza gari hatua kwa hatua. Kabla hajavua viatu huambiwa kuna msiba, kuna kikao cha harusi, shamba linasubiri kupaliliwa. Jirani naye hufungulia muziki. Jioni simu ya tajiri huita, naye huondoka akiwa amelala saa mbili. Kila aliyemwamsha alikuwa na sababu njema, na hakuna aliyedhani kwamba anagusa usukani.

Kwa hiyo kaya yenye dereva imtengee chumba chenye giza na kimya. Watoto wafundishwe kwamba baba aliyelala mchana yuko kazini. Jirani apunguze sauti, na wenye msiba wapokee udhuru wake bila kinyongo. Mmiliki wa gari, kabla ya kuuliza mzigo utafika lini, aulize kwanza dereva amelala saa ngapi. Mwendesha bodaboda anayekesha kijiweni naye amo katika hesabu hiyo hiyo, kwani pikipiki haina hata mlango wa kumkinga.

Hayo yote hayahitaji bajeti ya Halmashauri. Dereva huyo atapita kesho mbele ya shule ya kata hii, saa watoto wanapovuka barabara kurudi makwao, nayo ndiyo saa mwili wake utakapodai kulala.