Padauki kwenye mgongo wa gitaa: uzito, vumbi na vibali



Anayejifunza kutengeneza gitaa husomeshwa mapema kwamba mgongo na mbavu ni za rozwudi au mahogani, na kwamba mbao nyingine zote ni za kubahatisha. Nimekuja kuitetea mbao moja kati ya hizo zinazoitwa za kubahatisha. Padauki inatosha kabisa kwa gitaa zuri, ila ipimwe kwa tabia zake yenyewe. Fundi anayeichukua kama rozwudi ya bei nafuu, akaipa unene uleule na kuimalizia kwa vanishi ileile, ataishia na gitaa la wastani na lawama atazitupia mbao.

Mti wenyewe, Pterocarpus soyauxii, huota katika misitu ya mvua ya Afrika ya Kati: kusini-mashariki mwa Nigeria, Kameruni, Guinea ya Ikweta, Gabon na nchi zote mbili za Kongo. Wengi wenu hamjawahi kuushika, lakini ndugu yake mnaye karakanani kila siku. Mninga wetu, Pterocarpus angolensis, ni wa jenasi hiyohiyo, na mkurungu pia. Kwa hiyo mengi nitakayosema leo yanamhusu hata fundi wa Tabora ambaye padauki ataisikia tu.

Nianze na mlio. Chukua ubao uliorandwa hadi milimita 4, ushike kwa vidole viwili karibu na robo ya urefu wake kutoka juu, uache uning'inie, kisha ugonge katikati kwa kifundo cha kidole. Padauki nzuri inalia kama kengele, na mlio unakaa kabla haujafifia. Mbao inayomeza sauti inajibu mara moja na kunyamaza. Tofauti hiyo haihitaji sikio la mwanamuziki, mtoto mdogo ataisikia.

Watu wa misituni walilijua hilo kabla gitaa halijafika kwao. Wabeti na Wafang wa Kameruni na Gabon hutengeneza marimba zao, mendzang, kwa vipande vya padauki vilivyopangwa juu ya vibuyu. Viwanda vya Ulaya na Marekani navyo hutumia padauki kwa marimba na zailofoni, hasa za shule, pale ambapo rozwudi ya Honduras ni ghali mno. Kwangu mimi ushahidi wa marimba una uzito kuliko maneno ya wauza magitaa. Kipande cha marimba hakina uso wa sprusi wa kukisaidia wala nyuzi za kukifunika. Kisipolia chenyewe, hakuna chombo.

Tuje kwenye namba, maana hapa ndipo padauki inapoachana na rozwudi. Mita moja ya ujazo ya padauki iliyokauka ina wastani wa kilo 745, na ya rozwudi ya India ina kilo 830. Ugumu wa kupindika unakaribiana: gigapaskali 11.7 kwa padauki na 11.5 kwa rozwudi ya India. Maana yake, kwa unene uleule mgongo wa padauki una ukakamavu uleule huku ukiwa mwepesi kwa takriban asilimia kumi. Mgongo wa gitaa kubwa wenye milimita 2.5 utapungua kama gramu 25. Asiyetengeneza magitaa ataona gramu hizo ni chache. Anayetengeneza anajua kwamba hutumia asubuhi nzima akichonga vihimili vya ndani ili apunguze hata nusu ya hizo.

Sasa fundi ana njia mbili. Anayependa mgongo mtulivu, unaoirudisha mbele nguvu ya uso, aache padauki nene kidogo, milimita 2.8 hivi, ili aurudishe uzito aliokuwa anaupata kwa rozwudi. Anayependa mgongo unaocheza pamoja na uso aende hadi milimita 2.4 na avipunguze vihimili. Mimi naegemea njia ya pili, hasa kwa gitaa dogo la kupigwa kwa vidole, kwa sababu wepesi ndio neema ya mbao hii na sioni faida ya kuufuta. Kwa mbavu, milimita 2.1 hutosha. Padauki inakunjika vizuri kwenye bomba la moto ikiwa mistari yake imenyooka. Ubao wenye mistari iliyosukana huinua vibanzi kwenye kona ya kiuno, basi ubao wa namna hiyo uwekwe kwa kazi nyingine.

Lakini isifike mahali tukadhani mgongo ndio gitaa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha jaribio walilofanya pamoja na fundi Roger Bucknall. Bucknall alitengeneza magitaa sita ya nyuzi za chuma kwa muundo mmoja, tofauti ikiwa mbao ya mgongo na mbavu peke yake: rozwudi ya Brazil, rozwudi ya India, mahogani, mepo, sapele na walnati. Wapiga gitaa 52 waliyapiga ndani ya chumba chenye mwanga hafifu, wamevaa miwani ya wachomelea vyuma ili wasiitambue mbao. Alama walizoipa sauti zilikaribiana sana, na rozwudi ya Brazil, ambayo watu huilipia fedha nyingi, haikujitenga na zile za bei ya chini. Zaidi ya karne na nusu kabla yao, mwaka 1862, Antonio de Torres wa Hispania alikwisha kutengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu ili aonyeshe kwamba uso ndio unaobeba kazi kubwa. Gitaa hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya muziki mjini Barcelona.

Padauki haikuwemo katika jaribio la Lancaster. Hata hivyo matokeo yake yanatufungulia mlango. Ikiwa mbao ya mgongo haiamui sauti kwa kiasi tulichoaminishwa, hakuna sababu ya kuiogopa padauki kwa hoja ya sauti. Tunabaki na maswali ya fundi: inatulia ikishakauka? Inashika gundi? Inamdhuru anayeikata? Inapatikana kihalali?

Kwenye kutulia, padauki ina sifa nzuri, lakini hakuna mbao inayomsamehe fundi mwenye haraka, na sisi wa pwani tuna tatizo letu. Hewa ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ina unyevu mwingi, na ubao uliokaa huko mwaka mzima bado utakuwa na maji kama asilimia 14 ya uzito wake. Gitaa linatakiwa lijengwe kwa mbao yenye asilimia 8 hivi. Tupige hesabu ya mgongo wenye upana wa milimita 400. Unyevu wa mbao ukishuka kutoka asilimia 14 hadi 8, padauki iliyopasuliwa kufuata mstari wa kutoka moyo wa gogo kwenda ganda itapungua upana zaidi kidogo ya milimita 2.5. Iliyopasuliwa kwa ubapa itapungua kama milimita 4. Vihimili vya ndani vimelala kukatisha mistari ya mgongo, na urefu wao haubadiliki. Kitu kimoja kinataka kusinyaa, kingine kinakizuia. Gitaa lililojengwa Tanga mwezi wa mvua, likapelekwa kwenye nyumba yenye kipasha joto huko Ulaya wakati wa baridi, litapasuka, na mteja atasema mbao za Afrika hazifai. Kosa halitakuwa la mbao.

Dawa yake haina gharama kubwa. Tenga chumba kidogo kinachozibika vizuri, weka mashine ya kupunguza unyevu, tundika kipimo ukutani, na shikilia unyevu wa hewa kati ya asilimia 45 na 50. Mbao zikae humo hadi uzito wake uache kushuka. Pima ubao mmoja kila wiki kwa mizani ya jikoni na uandike uzito kwa penseli juu ya ubao wenyewe. Siku ya kugandisha vihimili isiwe siku ambayo mlango umeshinda wazi. Gundi ya mbao ya kawaida inaishika padauki bila shida, tofauti na baadhi ya rozwudi zenye mafuta, na gundi ya ngozi pia inafaa.

Sasa nije kwenye jambo linalowakatisha tamaa wengi: rangi. Padauki iliyotoka kwenye msumeno ni ya machungwa iliyokolea hadi wekundu, inawaka kiasi kwamba watu husimama kuiangalia. Mwanga na hewa huigeuza polepole kuwa kahawia yenye wekundu, na hakuna vanishi inayozuia hilo kabisa. Mwambieni mteja kabla hajalipa. Ikibidi, muonyesheni vipande viwili, kimoja kilichokaa dirishani na kingine kilichofungiwa kabatini, achague akijua gitaa lake litafika wapi.

Rangi hiyo haiyeyuki kwenye maji, lakini kwenye spiriti inayeyuka upesi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Fundi aliyezoea kumalizia kwa shelaki iliyokorogwa na spiriti anapitisha kitambaa kwenye mbavu, anaendelea hadi ukingoni, na wekundu unamwagika juu ya uso mweupe wa sprusi. Ukishaingia hautoki ila kwa kurandwa. Vumbi lake hufanya hivyohivyo: msasa unalisukuma ndani ya vitundu vya sprusi na ndani ya ule utepe mweupe wa mepo tunaouweka ukingoni kama pambo.

Utaratibu ninaouamini ni huu. Uso wa sprusi upakwe tabaka jembamba la kuziba mapema, kabla haujakaribiana na padauki iliyo wazi. Ukingoni tumia kikwangulio chenye makali badala ya msasa, kwa sababu kikwangulio hutoa maganda na msasa hutoa unga. Vumbi livutwe kwa mashine, lisifutwe kwa kitambaa chenye spiriti. Tabaka za kwanza za kumalizia zipulizwe kidogokidogo zikauke, au itumike vanishi ya maji. Baada ya hapo rangi imefungwa, na unaweza kuendelea kwa mazoea yako.

Wakongo wa kale waliitafuta rangi hiyohiyo kwa makusudi. Unga mwekundu wa miti ya jenasi hii, tukula, ulipakwa mwilini na kutiwa kwenye nguo za rafia, na Wakuba wa Kasai wamejulikana kwa kazi hiyo. Lakini unga uliosagwa na kuchanganywa na mafuta juu ya ngozi ni jambo moja, na vumbi laini la mashine ya msasa ndani ya pafu ni jambo jingine. Vumbi la padauki huwasha macho na ngozi, na kwa baadhi ya watu huleta kifua cha kubana kama pumu. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Tumieni barakoa yenye kichujio, na wanafunzi wa ufundi wapewe kabla ya mwalimu. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu katika karakana zetu kijana mgeni ndiye anayepewa msasa.

Upande wa sheria umebadilika karibuni, na mafundi wengi hawana habari. Mkutano wa nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Panama mwezi Novemba 2022 uliziingiza Pterocarpus zote za Afrika katika Kiambatisho II, na uamuzi ukaanza kutumika Februari 2023. Mkurungu ulikuwa umetangulia mwaka 2019, baada ya magogo yake, yanayoitwa mukula Zambia na Katanga, kukatwa kwa pupa ili kulisha soko la fanicha la China. Kiambatisho II hakikatazi biashara. Kinataka kibali cha nchi mbao inakotoka, kinachothibitisha kwamba ilikatwa kihalali na kwamba ukataji hauimalizi spishi. Kwa jenasi hii kibali kinahusu magogo, mbao zilizopasuliwa, veniya, plaiwudi na mbao zilizochongwa kiwandani. Gitaa lililokamilika halimo, lakini ubao wa mgongo unaovuka mpaka umo, hata ukiwa mmoja ndani ya begi.

Anayeagiza padauki kutoka Kameruni au Kongo adai nakala ya kibali kabla ya kutuma fedha. Aandike namba yake kwenye kila ubao na kwenye daftari la karakana, pamoja na namba ya gitaa ambalo ubao huo uliingia. Mteja wa nje siku hizi anauliza, na fundi asiye na jibu anampoteza.

Kuhusu mninga, nawashauri msijaribu kuufanya padauki. Ni mwepesi zaidi, kama kilo 600 kwa mita ya ujazo, na ni laini zaidi. Ufananisheni na mahogani, upeni unene wa mahogani, milimita 2.6 hadi 2.8 kwa mgongo. Sifa yake kubwa ni kwamba unasinyaa kidogo sana ukikauka, na kwa hali ya hewa niliyoieleza hiyo ni faida ambayo wenzetu wa mbali wangeilipia. Chagueni vipande vyenye mistari iliyonyooka kutoka kwenye masalio ya milango na vitanda. Mgongo wa vipande viwili unahitaji upana wa sentimita 20 tu kwa kila kipande.

Mezani pale nimeweka mbao tatu za milimita 4, padauki, mninga na rozwudi ya India, zilizokauka katika chumba kimoja na kukatwa kwa kipimo kimoja. Wakati wa maswali naomba kila mmoja apite azigonge, na wanaofumba macho watangulie.