Lishe Kabla ya Mtambo: Stima ya Viwandani Kutokana na Mabaki ya Shamba



1. Utangulizi

Mfugaji wa Dagoretti hanunui ng'ombe wa gredi kabla ya kujua majani ya nepia yatatoka wapi. Mtambo wa kuzalisha stima kwa mabaki ya shamba nao hula kila siku, Jumapili na sikukuu. Hoja yangu ni moja: kiwanda kihesabu lishe kwanza, ndipo kiulize bei ya mtambo.

2. Dagoretti: lishe inayojileta

Ng'ombe akichinjwa, tumboni hukutwa nyasi ambazo hajamaliza kuzicheua. Zikioshwa pamoja na damu na kuachwa zitiririke, huishia vijitoni na kuuchafua Mto Nairobi. Kwenye kichinjio cha Nyongara, Dagoretti, taasisi ya utafiti wa viwanda ya Kenya, KIRDI, na shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, UNIDO, walishirikiana kujenga mtambo wa mfano: taka ziliozeshwa ndani ya tangi lisiloingia hewa, na gesi iliyotoka iliendesha jenereta. Mita moja ya ujazo ya gesi hiyo hutoa takriban kilowati-saa 2 za umeme, na joto la injini laweza kupasha maji ya kuoshea. Hapa hakuna lori la kukodi: lishe huja yenyewe kwa miguu minne.

3. Naivasha na Mumias

Gorge Farm, Naivasha, ilijengewa mtambo wa megawati 2.2 wa kutumia mabaki ya mboga za shamba hilohilo. Ziada iliuzwa kwenye gridi. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilizindua mtambo wa makapi ya miwa mwaka 2009, wa megawati 38, kikapanga kuuza 26. Miwa ilipoadimika na kiwanda kuzorota, makapi yaliisha, na stima ikaisha nayo. Mtambo haukuwa na kosa, ulikosa chakula.

4. Marikiti na Kangemi

Jioni katika masoko haya ya Nairobi hubaki marundo ya majani ya kabeji, maganda na mabua. Macho huona utajiri, lakini kabeji ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Lori linaloipeleka kwenye viwanda vya Industrial Area linasafirisha maji, tena yaliyochanganyika na kamba na chupa za plastiki. Taka hizi zitenganishwe kibandani na kuozeshwa karibu na soko.

5. Mapendekezo

(a) Taka zipimwe mwaka mzima, hasa miezi ya uhaba.

(b) Tuanze na joto. Injini hugeuza takriban theluthi moja tu ya nishati ya gesi kuwa umeme, ilhali boila nzuri hutumia sehemu kubwa kama joto. Viwanda vya chai, vinavyochoma kuni kukausha majani, vinafaa kutangulia.

(c) Mwenye ziada ya umeme atumie sera ya Kenya ya mwaka 2021 ya bei maalumu za kuuzia gridi umeme, inayohusu bayogesi na mabaki ya mimea hadi megawati 20.

6. Hitimisho

Kabla ya kumwita muuzaji wa mitambo ofisini Westlands, mwenye kiwanda asimame langoni na mizani, apime kinachotoka leo, kesho, na mwezi wa kiangazi. Kipimo cha kiangazi ndicho kinachopaswa kumwambia ukubwa wa mtambo.