Elimu ya Mtandaoni Ifike Zizini
Mada kwa mkutano wa wataalamu wa mifugo na wafugaji



Mwaka 2008 sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa kuwapo kaskazini mwa Tanzania. Mtaalamu aliyehitimu miaka michache kabla ya hapo alikuwa na cheti halali, lakini kama ugonjwa huo aliusoma, aliusoma kuwa wa nchi nyingine. Mbuzi hawakumngoja arudi darasani. Maradhi huhama, cheti hubaki ukutani.

Zamani kujiendeleza kulidai safari, posho na kata kuachwa bila mtaalamu. Siku hizi masomo hufika kwenye simu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, hutoa kozi za bure mtandaoni, na afisa aliye kijijini aweza kusoma jioni na kulirudia somo lililompita.

Faida ya masomo hayo hupimwa zizini. Mbuzi anayekohoa na kutokwa makamasi huenda ana sotoka, huenda ana homa ya mapafu ya mbuzi. Sotoka huletwa na virusi: antibiotiki haiviui, na kinga ni chanjo. Homa ya mapafu huletwa na bakteria, na antibiotiki ikitolewa mapema husaidia. Vidonda vya mdomoni na kuhara huelekeza kwenye sotoka. Maabara ndiyo huthibitisha. Kosa hapa humpotezea mfugaji fedha, huuacha ugonjwa uvuke hadi boma la jirani, na huzidisha usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Mara nyingi anayemwona mbuzi huyo kwanza si daktari wa mifugo wa wilaya. Ni afisa ugani wa kata, mchanjaji, au muuzaji wa duka la dawa za mifugo. Elimu ikiishia kwa daktari, imeishia mbali na zizi.

Hata hivyo, simu ina mpaka wake. Jicho hujifunza kwenye kioo, mkono hujifunza kwa kugusa. Kuchukua sampuli, kutunza chanjo katika ubaridi, na kuutambua mzoga wa kimeta usiopaswa kupasuliwa, ni mambo yanayotaka msimamizi aliye karibu.

Basi mambo matatu yanastahili kuamuliwa. Halmashauri igharimie vifurushi vya intaneti na kutenga saa za masomo ndani ya muda wa kazi. Daktari wa wilaya akutane na wasaidizi wake kila mwezi kwa vitendo. Na kwa kuwa kozi nyingi ni za Kiingereza, zijadiliwe hapo kwa Kiswahili, ili asiachwe nyuma mtu kwa sababu ya lugha.

Mfugaji naye ana haki ya kuuliza: "Umejuaje kuwa ni ugonjwa huu?" Mtaalamu anayeendelea kusoma halioni swali hilo kuwa tusi, hulijibu.