Mikoko ya Mikindani na Maji Taka Yetu



Kwa miaka watafiti wamechunguza maji taka yanayopita kwenye mikoko ya Mikindani hadi hori ya Tudor. Matope ya mikoko hushika sehemu ya naitrojeni na fosforasi, basi wapo wasemao, "Mikoko itasafisha." Kiasi, ndiyo. Lakini vijidudu vingine hutoka na maji yanapokupwa, na chaza, ambaye hula kwa kuchuja maji, huvikusanya mwilini. Ndiye huyo tunayemla, tena wengine kwa ndimu tu, mbichi! Mpikeni aive kabisa.

Na ukiita gari la kunyonya choo, kabla hujamlipa dereva, muulize anakwenda kumwaga wapi.