Kazi ya uuguzi ng'ambo: uliza kabla ya kulipa



Ujumbe unaingia WhatsApp: "Uingereza, mhudumu wa wazee, visa tayari, tuma dola kwanza." Ndugu, usitume hata senti.

Sikiliza kwa nini. Tangu 22 Julai 2025, Uingereza imefunga mlango kwa waajiri kuleta wahudumu wa wazee kutoka nje. Tena, Kongo yetu iko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023, yenye nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya. Kwa kanuni za Uingereza, wakala haruhusiwi kuja kutafuta wauguzi katika nchi hizo. Anayekufuata hadi hapa anavunja kanuni, au ni tapeli.

Lakini wewe mwenyewe unaweza kuomba kazi ya uuguzi moja kwa moja kwa mwajiri. Muuguzi lazima asajiliwe na baraza la wauguzi la Uingereza, NMC, na athibitishe kwamba anajua Kiingereza. Jina la mwajiri litafute kwenye orodha ya serikali yao ya wadhamini, yaani waajiri wenye kibali cha kuajiri watu kutoka nje. Kuisoma ni bure. Hati ya udhamini kutoka kwa mwajiri haiuzwi. Pasipoti na diploma asilia usimwachie mtu.

Mama, baba, kabla ya kuuza shamba kwa ajili ya safari ya mtoto, hakikisheni hayo kwanza. Haraka haraka haina baraka.